Shata Ndefu Siku ya Mawingu: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha Ufukweni mwa Ziwa Victoria, Mwanza

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera inayokubali kuwekwa M (mipangilio yote unaiamua wewe) na B (shata, yaani pazia linaloingiza mwanga, inakaa wazi mpaka uifunge), tripodi, na nauli ya kumfikisha ufukweni popote kati ya Luchelele na Kayenze. Mwenye simu tu naye asiondoke, sehemu yake ipo mbele. Kazi yenyewe ni kuacha shata wazi kwa sekunde kadhaa, au dakika, ili jiwe lisimame palepale huku maji na mawingu yakipita mbele ya lenzi na kuacha njia yao.

Siku yake ni ya mawingu. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na jua la mchana hupiga utosini: jiwe linaungua juu, chini linakuwa jeusi, na kila wimbi linamulika hadi kamera inashindwa. Wingu likishatanda, mwanga hushuka kutoka angani kote. Vivuli vinalainika, nyufa za jiwe zinaonekana, na tofauti kati ya anga na ardhi inapungua hadi faili moja linaweza kubeba vyote. Tena mwanga wenyewe umepungua, kwa hiyo shata inaweza kukaa wazi muda mrefu bila vifaa vya bei ya kutisha.

Ninachokishikilia ni kwamba idadi ya sekunde ndiyo picha yenyewe. Picha nyingi za aina hii zinafanana kwa sababu mpigaji alinunua filta (kioo cha giza cha kuvisha lenzi) nyeusi kuliko zote dukani, akaweka sekunde 30 kwa kuwa kamera yake inaishia hapo, akabonyeza. Maji yaliyolala ya alfajiri, mawimbi ya saa kumi, wingu linalokwenda mbio na wingu lililogoma, kila kimoja kinataka muda wake, na muda huo unauamua wewe kabla hujagusa filta.

Ziwa si bahari

Maelekezo mengi ya kupiga picha za majini yameandikwa na watu wa bahari. Watakwambia uangalie jedwali la kupwa na kujaa, kisha usubiri wimbi kubwa lirudi nyuma likiacha mistari myeupe ya povu mchangani. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa jicho. Kimo cha maji hubadilika kwa msimu na kwa mwaka. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda sana hadi fukwe nyingi zikamezwa. Jiwe ulilozoea kulisimamia laweza kuwa chini ya maji safari nyingine, kwa hiyo pita ukakague eneo siku moja kabla, hata kama unalijua.

Mawimbi nayo ni mafupi, yanazaliwa na upepo wa hapahapa na kufuatana upesi. Faida yake ni kwamba maji yanalainika haraka: sekunde 15 hadi 20 zinatosha kufuta mawimbi ya kawaida ya ghuba ya Mwanza, na dakika nne haziongezi kitu kikubwa kwenye maji, zinaongeza kwenye mawingu. Hasara ni kwamba mistari ya povu ni adimu. Ukiitaka, shusha tripodi karibu kabisa na mawe, mahali maji yanapoingia kwenye ufa na kutoka, na ufanye kazi na nusu sekunde hadi sekunde mbili.

Upepo una ratiba. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, hivyo mpaka alfajiri upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda majini, na maji ya karibu na ufukwe yanatulia. Mchana ardhi inapata joto, upepo unageuka na kutoka ziwani, na alasiri mawimbi yanagonga mawe. Siku ya mawingu mazito ratiba hii inalegea, maana jua ndilo linaloiendesha, na mvua ya radi ikikaribia huivuruga yote. Hata hivyo, anayetaka maji tulivu aamke mapema, na anayetaka vurugu aende baada ya chakula cha mchana.

Kuhusu saa: Mwanza iko magharibi ya nchi lakini inatumia saa zilezile za Dar es Salaam, kwa hiyo jua huchelewa kuchomoza na kuchelewa kuzama. Asubuhi ni kati ya saa 12:25 na karibu saa 1:00 kutegemea mwezi, na jioni kati ya saa 12:40 na saa 1:10. Mwanga wa mapambazuko hapa ni mfupi, kama dakika ishirini hivi, basi. Uwe umeshafunga tripodi kabla haujaanza.

Soma mawingu kabla ya kufungua begi

Simama dakika tano bila kamera. Tafuta kitu kimoja: je, anga ina umbo? Kukiwa na mabonde na vilima, sehemu nyeusi na sehemu nyeupe, basi anga inastahili nusu ya fremu au zaidi. Kukiwa kweupe tupu, wingu moja lililotandazwa bila mkunjo, shata ndefu haitalitengenezea umbo. Itatoa weupe uleule uliolainika zaidi. Siku kama hiyo iache anga kwenye ukanda mwembamba juu, au itoe kabisa, uelekeze lenzi kwenye mawe na maji. Wengi huipuuza hatua hii, kisha wanalaumu filta.

Anga ikiwa na umbo, chagua kipande kimoja cha wingu na ukifuate kwa jicho. Kikivuka upana wa ngumi yako iliyonyooshwa ndani ya nusu dakika, mawingu yanakwenda mbio, na sekunde 30 hadi 60 zitayavuta yakaacha mistari. Kikichukua dakika mbili tatu, utahitaji dakika mbili hadi nne. Ukizidisha hapo, mawingu yote yanachanganyika na unarudi kwenye weupe ule tuliokuwa tukiukimbia.

Angalia na mwelekeo. Mawingu yanayokuja kwako au yanayokwenda mbali nawe hutoa mistari inayotawanyika kutoka nukta moja kwenye upeo wa maji, na jicho linavutwa mpaka huko. Yanayokatiza kutoka kushoto kwenda kulia hutoa mikanda ya mlalo, mizuri kwa picha tulivu lakini haina msukumo. Ziwa lina ghuba na rasi nyingi, kwa hiyo mara nyingi kuhama mita mia mbili tu kunabadilisha mwelekeo wako dhidi ya mawingu.

Miezi ya vuli, Oktoba hadi Desemba, na ya masika, Machi hadi Mei, ndiyo yenye mawingu ya uhakika. Mvua nyingi za radi za ziwa huiva usiku na kumalizikia asubuhi, na saa moja au mbili baada ya mvua kukatika, mawingu yakiwa yamevunjika vipande na jiwe bado limelowa, ndio wakati ninaoupenda kuliko wote. Kiangazi cha Juni hadi Agosti usitarajie mengi.

Vifaa, na kisichohitajika

Tripodi ni kitu cha kwanza kugharimia. Nzito ni bora kuliko ya gharama. Usivute nguzo ya katikati, na miguu ile myembamba ya chini iache ndani ukiweza. Chini yake tundika mfuko wa kitambaa uliojaa mawe. Mjini hapa kitu pekee kisichouzwa ni mawe. Vua mkanda wa kamera shingoni mwake, maana upepo wa alasiri huupeperusha na picha ya dakika mbili inatikisika bila wewe kujua.

Filta ya ND ni miwani ya jua ya lenzi: inapunguza mwanga, na kingine haibadilishi sana. Zipo tatu za kuzijua. ND8 inakata stopu tatu (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu), yaani mwanga unabaki sehemu moja ya nane. ND64 inakata stopu sita. ND1000 inakata kumi. Kwa siku za mawingu, ukiwa na fedha ya moja tu, nunua ND64. Najua wengi watasema ND1000, na kwa jua la mchana wana hoja, lakini kwenye mwanga uliofifia ND64 inakupa sekunde mbili hadi thelathini, na humo ndimo maji ya ziwa letu yanapopendeza. ND1000 ije baadaye, kwa ajili ya mawingu. Filta za kubadilisha giza kwa kuzungusha huleta msalaba mweusi katikati ya picha zikizungushwa sana kwenye lenzi pana. Sizipendekezi.

Filta ya polaraiza inafaa kuliko watu wanavyodhani siku isiyo na jua. Jiwe lililolowa na maji ya kina kifupi hurudisha mng'ao mweupe wa anga. Polaraiza inauondoa na rangi ya jiwe inarudi. Inakula karibu stopu moja na nusu hadi mbili, nayo ni faida kwetu. Filta nusu nyeusi nusu wazi, ya kutuliza anga, chagua yenye mpaka laini, kwa kuwa ng'ambo ya ghuba kuna vilima na mpaka mkali utavikata vichwa.

Rimoti ya waya au ya redio ni lazima kwa zaidi ya sekunde 30. Chini ya hapo tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili. Beba betri mbili, vitambaa vitatu vya kufutia lenzi, na mwavuli. Mifuko laini ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo ule ujanja wa zamani wa kufunika kamera kwa mfuko wa sokoni umekufa. Kofia ya plastiki ya kuogea inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwani ina mpira na inakaa yenyewe.

Hesabu

Kila stopu moja inazidisha muda mara mbili. Stopu sita ni mara 64, stopu kumi ni mara 1,000 kwa makadirio. Pima mwanga bila filta, kisha zidisha. Kwa kuanzia, mawingu mazito ya mchana, ISO 100 (wepesi wa sensa kupokea mwanga) na f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikipanda tundu linapungua), yatakupa karibu 1/25 ya sekunde. Hizi hapa za kuandika nyuma ya kadi:

| Bila filta | Na ND64 | Na ND1000 |
|---|---|---|
| 1/60 | sekunde 1 | sekunde 17 |
| 1/30 | sekunde 2 | sekunde 34 |
| 1/15 | sekunde 4 | dakika 1 na sekunde 8 |
| 1/8 | sekunde 8 | dakika 2 na sekunde 8 |
| 1/4 | sekunde 16 | dakika 4 na robo |
| 1/2 | sekunde 32 | dakika 8 na nusu |

Mstari wa mwisho upande wa ND1000 ni kwa kujua tu. Mwanga utakuwa umebadilika kabla hujafika nusu.

Ufukweni, hatua kwa hatua

1. Tafuta fremu kwanza, kamera ikiwa mkononi. Ukifunga tripodi mapema utaridhika na pale ulipoifunga. Panda, shuka, piga magoti. Kati ya ncha ya jiwe lako na upeo wa maji acha nafasi wazi, au jiwe livuke upeo moja kwa moja. Kinachoharibu ni ncha inayougusa upeo tu.

2. Funga tripodi, sukuma kila mguu uingie mchangani mpaka ugome. Mguu ulio majini utazama kidogo kila wimbi linapochukua mchanga chini yake, kwa hiyo ikiwezekana weka miguu yote mitatu juu ya jiwe. Sawazisha upeo wa maji. Kwenye picha yenye mistari michache hivi, upeo ulioinama unaonekana kabla ya kitu kingine chochote.

3. Weka RAW (faili ghafi), ISO ya chini kabisa ya kawaida ya kamera yako (mara nyingi 100), na tundu la lenzi kati ya f/8 na f/11. Usikimbilie f/22 ili kupata sekunde zaidi. Tundu likiwa dogo hivyo mwanga hutawanyika na jiwe linapoteza makali, na kila chembe ya vumbi kwenye sensa itajitokeza kwenye anga uliyoilainisha kwa bidii.

4. Zima kitulizo cha mtikisiko, cha lenzi na cha kamera. Juu ya tripodi baadhi ya mifumo hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza.

5. Lenga fokasi bila filta, theluthi ya kwanza ya mandhari au kwenye jiwe lenyewe kama ndilo habari. Likishakuwa kali, hamisha swichi kwenda MF (kulenga kwa mkono) na usiguse tena pete. Ukisahau, kamera itajaribu kulenga gizani nyuma ya ND1000, na haitaona kitu.

6. Piga picha ya kupimia, bila filta, ukiangalia histogramu, ile grafu yenye giza kushoto na mwanga kulia. Siku ya mawingu kamera hudanganywa na weupe wa anga na kutoa picha nyeusi, kwa hiyo sukuma mlima wa histogramu uelekee kulia bila kugonga ukuta. Muda huo ndio wa kuzidisha.

7. Funga filta taratibu, mkono mmoja ukiwa umeshika pete ya fokasi isizunguke. Kamera yenye kioo ndani (DSLR) funika na kidirisha cha kuchungulia, maana shata ikikaa wazi dakika mbili mwanga huingia kwa nyuma na kuacha doa la zambarau.

8. Subiri. Wimbi likija ndipo ufungue, kama unatumia muda mfupi. Kwa muda mrefu, subiri mtumbwi upite au ukae, usiwe njiani. Bonyeza rimoti, ondoka usikanyage karibu na tripodi.

9. Tazama histogramu tena, si skrini pekee. Skrini alfajiri inaonekana ang'avu kuliko picha ilivyo. Ikiwa giza, zidisha muda mara moja na nusu. Asubuhi mwanga unapanda wakati shata iko wazi, jioni unashuka haraka, hivyo jioni ongeza robo au theluthi ya muda uliokokotoa.

Kuna chaguo kwenye menyu la kupunguza chembe (vidoa vidogo vya rangi) za picha ndefu. Likiwashwa, kamera baada ya picha ya dakika mbili hukaa dakika mbili nyingine ikipiga giza ili ilinganishe. Kwa picha za chini ya dakika moja lizime. Mawingu mazuri hayatakungoja.

Sekunde ngapi, kwa kitu gani

Robo ya sekunde hadi sekunde moja: wimbi bado lina umbo, unaona lilivyopiga jiwe. Hapa ndipo nguvu ya maji inabaki, na ni muda unaodharauliwa bure. Sekunde mbili hadi nane: povu linakuwa nyuzi, maji ya nyuma yanaanza kulala. Ni eneo gumu, mara nyingi linatoa uchafu usio wimbi wala utulivu. Piga nyingi uchague. Kumi na tano hadi thelathini: maji yamelala, mawe yameachwa peke yake, na hata taswira za mawe zinarudi juu ya maji yaliyokuwa yakichafuka, kwa kuwa viwimbi vidogo vimejifuta vyenyewe. Dakika moja kwenda juu ni kwa ajili ya anga.

Kinachosogea kinafutika kama hakikai mahali pamoja zaidi ya sehemu ndogo ya muda wote. Kivuko cha Kamanga kikikatiza fremu ya dakika mbili kinaweza kuacha ukungu hafifu au kisionekane kabisa. Mtumbwi uliofungwa kamba, hata hivyo, unayumba papo hapo na kutoka ukiwa na kingo nne. Ukitaka mtumbwi mkali, utafute uliovutwa mchangani. Magugumaji yanayoelea huacha mkanda wa kijani. Wakati mwingine ndiyo rangi pekee kwenye picha na inafaa, wakati mwingine ni doa. Mnandi, wale ndege wavuvi wanaokaa juu ya mawe, ndio wasumbufu: mmoja anakaa kimya sekunde ishirini, kisha anageuza shingo, na unarudi nyumbani na ndege mwenye vichwa viwili.

Wapi

Jiwe la Bismarck, lililobeba jina la yule kansela wa Ujerumani, liko majini karibu na kivuko cha Kamanga, njia ya kwenda Capri Point. Limepigwa picha mpaka limechoka, na bado siku ya mawingu linalipa, kwa kuwa jiwe la juu limekaa juu ya mengine kwa namna ambayo hata mtoto anajiuliza litaanguka lini. Sogea upande ili majengo na boti zitoke kwenye fremu, tumia lenzi ya milimita 50 hadi 100 badala ya ile pana, uliachie jiwe nafasi.

Capri Point yenyewe ina mawe ya kupanda na mwonekano wa ghuba, ila sehemu kubwa ni makazi na hoteli, kwa hiyo omba ruhusa. Kisiwa cha Saa Nane ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Unalipa kiingilio, unapelekwa kwa boti, na saa za kuingia na kutoka ni za hifadhi, si zako. Upande wa kusini, Malimbe na Luchelele, kuna ufukwe wenye mawe na watu wachache. Upande wa kaskazini, Igombe na Kayenze, kuna mchanga na maisha ya wavuvi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, ni somo kamili la shata ndefu: nguzo hazisogei, maji yanapita. Lipige kutoka ufukweni. Juu ya daraja magari yanalitikisa na tripodi inasikia.

Kirumba Mwaloni na mialo mingine yote, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki, ina wenyewe. Mwalo una uongozi, kikundi cha usimamizi wa ufukwe kiitwacho BMU. Pita kwao kwanza, salimia wazee shikamoo, na kama umezungukwa na Wasukuma, "mwangaluka" ya asubuhi inafungua milango kuliko kitambulisho. Eleza unapiga maji na mawe, onyesha picha kwenye skrini. Tripodi inafanana na kifaa cha kupima viwanja, na mtu anayeona kiwanja chake kinapimwa bila taarifa ana haki ya kukasirika. Bandari, uwanja wa ndege na kambi za jeshi usielekeze lenzi.

Yanayoweza kukudhuru

Radi ndiyo ya kwanza. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na wewe umesimama juu ya jiwe refu, umeshika fimbo ya alumini. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, tayari uko ndani ya eneo lake. Funga, shuka, ingia kwenye gari au nyumba, na usirudi mpaka nusu saa ipite bila ngurumo. Kukimbilia chini ya mti hakusaidii.

Ya pili ni kichocho. Kimelea chake hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye majani na utulivu, na huingia kwa kupenya ngozi. Hutoka kwa wingi zaidi kuanzia asubuhi iliyokomaa hadi alasiri. Vaa gambuti ndefu, usiingie maji yanayozidi kimo chake, na kama ufukweni ni kazi yako ya kila wiki, nenda kituo cha afya ukapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Penye matete mengi, uliza kuhusu viboko na mamba kabla ya kushuka, na umuulize mvuvi. Mpita njia atakwambia hakuna.

Mawe yaliyolowa yana utando wa kijani usioonekana alfajiri. Begi mgongoni, mikono mitupu, ndipo upande.

Huna filta, au una simu tu

Kamera bila filta: ISO 100, f/16, dakika kumi kabla ya jua kuchomoza siku ya mawingu mazito, na utapata sekunde kadhaa bure. Mwanga ukishapanda lakini bado hafifu, piga picha nyingi za nusu au robo sekunde mfululizo, kamera isisogee hata unywele, kisha kwenye programu ya bure kama GIMP zipange tabaka juu ya tabaka na kuzichukulia wastani: la chini asilimia 100, la pili 50, la tatu 33, la nne 25, na kuendelea. Picha 30 za nusu sekunde zinatoa maji ya sekunde 15, tena chembe zinapungua sana. Usiache mwanya mrefu kati ya picha na picha, la sivyo mawingu yatatoka kwa vipande vipande.

Simu nyingi za Android zina hali ya Pro inayokuruhusu kuweka sekunde 10 au 30, lakini tundu la lenzi ya simu halifungwi, hivyo mchana picha itakuwa nyeupe tupu bila filta ndogo ya kubana. Kwenye iPhone, piga picha ikiwa Live, kisha kwenye albamu chagua mtindo wa shata ndefu. Unapata kama sekunde tatu za mwendo, zinazotosha kwa mawimbi ya kwenye mawe. Iegemeze simu penye jiwe, izungushie kanga isiteleze.

Kusafisha faili

Faili la siku ya mawingu hutoka likiwa limepooza, kijivu juu ya kijivu. Usilitibu kwa kusukuma kitelezi cha utofautishaji mpaka mwisho. Anza na mizani ya rangi: filta nyingi za giza huvuta picha kuelekea samawati, kahawia au zambarau, na kila moja ina tabia yake. Ile picha ya kupimia uliyopiga bila filta iweke pembeni, ulinganishe jiwe na jiwe. Ukishapata namba, zihifadhi kama mpangilio wa filta hiyo.

Kisha fanya kazi kwa sehemu. Jiwe liongezee makali na utofauti, maji yaache. Ukiongeza makali kwenye maji yaliyolala unarudisha chembe na unaua kazi yote ya shata. Anga ishushe kidogo upande wa juu. Darktable ni ya bure na ina maski (njia za kuchagua sehemu ya kuhariri) za kutosha kwa hili. Kwenye simu Snapseed inatosha.

Kagua anga kwa ukubwa wa asilimia 100 ukitafuta madoa ya vumbi, na sehemu nyeusi za jiwe ukitafuta nukta nyekundu, kijani na bluu, ambazo ni pikseli zilizopata joto wakati shata iko wazi. Picha zilizozidi dakika mbili huwa nazo. Brashi ya kuponya inaziondoa moja moja. Ukiona rangi haisemi kitu, geuza nyeusi na nyeupe na ushushe mkondo wa bluu ili anga liwe zito. Fanya hivyo baada ya kutoa madoa, kwa sababu ukishalitia anga giza kila doa linaonekana mara mbili.